Bei ya Kibuyu cha Mama Dahabo

Mwanangu, jambo hili lote liligharimu kibuyu kimoja cha maziwa. Nakitaja mapema ili usije ukafika katikati ukadhani nakupandishia bei. Masomo yangu ya juu yalilipwa na watu wengine, mashine nilizotumia hazikuwa zangu, umeme ulikuwa wa chuo, na nauli ya kwanza ya kuondoka Garsen aliitoa mama yangu, ambaye alikwisha kunisamehe, au tuseme alikwisha kuchoka kunikumbusha. Nimepiga hesabu hii mara mbili. Kitu pekee kilichotoka mkononi mwa mtu na hakikurudi ni kile kibuyu.

Leo watu huniita profesa wa uhandisi wa kemikali. Kazi yangu ni kutengeneza vitu vipya kwa kupanga chembe ndogo mno, ndogo kiasi kwamba ukichukua unywele wako mmoja ukaupasua kwa urefu, ukaupasua tena, ukaendelea hivyo hivyo mpaka upate nyuzi makumi ya maelfu, hapo ndipo utakuwa umeanza kubisha hodi kwenye mlango wa ofisi yangu. Nilipomweleza mama hivyo, aliniuliza kama nalipwa kwa uzito.

Lakini kabla ya uprofesa nilikuwa mtoto wa soko. Mama alizaliwa Kinakomba, juu kwenye mto Tana, akaolewa huku chini, akalima mpunga na ndizi kwenye shamba lililokuwa likifunikwa na mto kila ulipojaa. Alichovuna tulikivusha kwa mtumbwi tukakipeleka Garsen, na hapo alimngoja mwanamke mmoja tu, Mama Dahabo, Mworma aliyekuja na maziwa kutoka malishoni. Walibadilishana mchele kwa maziwa, ndizi kwa samli. Mama alidai mwaka huo mpunga umeliwa na ndege. Mama Dahabo alidai ng'ombe wake wanaumwa. Kwa jinsi walivyosimulia, mashamba ya Wapokomo na mifugo ya Waorma ilipaswa kuwa imekwisha kabla sijazaliwa. Mimi nilishika bakuli la kupimia na kuhesabu, kisha nikahesabu tena, maana wote wawili walikuwa na tabia ya kuuliza habari za nyumbani pale tu hesabu inapokaribia kuisha.

Maziwa ya Mama Dahabo yalikuwa na harufu ya moshi na utamu ambao sijaupata popote. Tena yalidumu. Jua la Garsen unalijua. Maziwa yaliyoletwa kwa mtungi wa plastiki asubuhi, ikifika alasiri hata paka anayakagua kwanza. Ya Mama Dahabo yalilala nyumbani kwetu na kuamka mazima. Siri ilikuwa kibuyu. Kila baada ya kukiosha alichukua vijiti vya mti fulani vilivyoshika moto, akavitumbukiza ndani, akaziba mdomo, akakitikisa, akafungua moshi utoke, kisha akasugua ndani kwa brashi ya ukuti mpaka makaa yakashika ukuta wa kibuyu kama rangi. Wao husema kufukiza. Mti wenyewe siutaji hapa, na sababu utaiona.

Nilipopata nafasi ya kwenda ng'ambo kusoma zaidi, mwalimu aliyekuwa akinisubiri huko aliniandikia nifikirie kitu cha kuchunguza. Wenzangu walifikiria mafuta, saruji, plastiki. Mimi nikafikiria ule weusi wa ndani ya kibuyu. Nikaenda sokoni pamoja na mama.

Mama Dahabo alikuwa ameketi na vibuyu vyake. Nilimwomba kile kikuukuu, kilichokuwa kimefukizwa miaka mingi kuliko vyote. Alipewa na mama yake siku alipoolewa.

"Utarudisha?" aliuliza.

"Sitaweza kukirudisha, mama. Lazima nikikate, nione ndani."

"Ndani mimi naona kila siku. Ni nyeusi."

"Nataka kuona ndani ya huo weusi."

Alinitazama, kisha akamtazama mama kana kwamba anamuuliza kama nina homa. "Ndani ya nyeusi iko kitu?"

"Ndiyo ninalotaka kujua."

Mama hakupoteza muda. Alitaja mchele. Mama Dahabo akatazama ng'ombe waliokuwa wakipita barabarani. Mama akaongeza mkungu wa ndizi, akaongeza kuku, akafikia hata kusema mpunga wa mwaka huo haukuliwa na ndege sana. Sikuwahi kumsikia akikiri jambo kama hilo.

"Rafiki yangu mwizi," Mama Dahabo alimwambia, "wewe unanunua kibuyu kama unanunua maziwa." Kisha akanigeukia. "Sikiliza, binti. Mimi nafukiza hii tangu niolewe. Mama yangu alifukiza yake. Hakuna mtu amekuja kuniambia ndani ya nyeusi iko nini. Chukua. Ukiona, rudi uniambie umeona nini. Hiyo ndiyo bei. Na jina la mti yetu usitangaze kwa watu."

Nikakubali haraka, kabla hajabadili mawazo. Nilikipakata kibuyu kwenye mtumbwi nikijiona mjanja kuliko wote waliowahi kuuza na kununua Garsen. Mama alikaa mbele yangu, mchele wake ukiwa mzima magotini.

"Umepunjwa," akasema tulipofika katikati ya mto.

"Nimepewa bure, mama."

"Mtu akikataa mchele akataka maneno, amekupunja. Mchele ungeisha kesho."

Sikumwelewa, mwanangu. Nilidhani ana wivu wa kibiashara.

Huko ng'ambo walikuwa na darubini isiyotumia mwanga, inayotumia umeme kuona. Ilijaza chumba kizima, na fundi wake alikuwa na masharti mengi kuliko mlinzi wa lango. Nilikata kipande cha kibuyu kidogo kuliko ukucha, nikakiweka ndani, nikakaa mbele ya kioo. Nilitegemea kuona weusi mkubwa zaidi.

Kwanza nikaona ukuta wa kibuyu kama ardhi kavu iliyopasuka. Nikasogea karibu. Vipande vya makaa vilikuwa vimelala juu yake, na ndani ya kila kipande ile mishipa ambayo mti uliitumia kunyonya maji ilikuwa bado imesimama, safu kwa safu, wazi, baada ya moto wote ule. Nikasogea tena. Kuta za mishipa zenyewe zilikuwa na matundu. Baadaye, kwa darubini nyingine yenye nguvu kuliko hiyo, nikaona ndani ya kuta za hayo matundu mengine tena. Katikati yake masizi yalikuwa yamejikusanya kama mayai ya samaki, chembe juu ya chembe. Nilipokuwa nikienda huko ndege ilipita juu ya delta yetu, na nilikuwa nimeuona Tana ukigawanyika, kila mkono ukigawanyika tena mpaka jicho linashindwa kufuata. Nilichokiona kwenye kioo kilikuwa vivyo hivyo, ila hakikufika baharini. Kila nilipodhani nimefika mwisho wake, kulikuwa na mlango.

Niliondoa mikono kwenye vitufe. Fundi akauliza kama mashine imeharibika. Nikamwambia hapana, ni mimi.

Baada ya hapo nikajifunza kupima ukubwa wa kuta zote hizo, na hesabu ikanitisha. Mkaa ulioandaliwa vizuri, kijiko kimoja tu, ukiweza kuzikunjua kuta zake zote za ndani na kuzitandaza chini, zitafunika shamba zima la mpunga la mama yangu na kubakisha ukingo wa kugombaniwa na majirani. Nikahesabu upya. Jibu likawa lilelile. Mtoto wa soko akiona hesabu inampa faida kubwa hivyo, hutafuta alipoibiwa. Nilitafuta kwa wiki nyingi. Sikuibiwa popote. Shamba kweli liko ndani ya kijiko, na limekuwa humo tangu mtu wa kwanza achome kuni.

Niliporudi na shahada yangu nilikwenda bomani kwa Mama Dahabo kulipa. Nilivaa vizuri. Akanikalisha juu ya ngozi ya ng'ombe, akanipa maziwa, akakaa, nikamweleza. Nilisema kaboni. Nilisema muundo wa vinyweleo. Nilisema nano, nikasema eneo la uso, na mengine ambayo hata mimi sasa siwezi kuyarudia bila haya. Alisikiliza mpaka mwisho kwa adabu.

"Hiyo yote ni majina," akasema. "Mimi pia niko na jina. Ukisema Dahabo, umenijua?"

"Hapana, mama."

"Nilikuuliza umeona nini. Wewe unaniambia inaitwa nini. Kunywa maziwa, deni bado iko."

Mwanangu, nimekaa mbele ya majopo ya maprofesa wenye miwani mizito, wamenihoji kwa lugha ambazo si zangu, na sijawahi kufeli kama nilivyofeli siku hiyo juu ya ngozi ya ng'ombe. Nilirudi Garsen nikiwa nimekasirika, na nadhani nusu ya kazi yangu ya maisha niliifanya kwa hasira ile.

Nilifanya nini? Nilichukua mathenge. Unaujua mti huo ulivyovamia malisho yetu, unavyotoboa miguu ya mbuzi na matairi ya watu. Kila aliyeuona aliulaani. Siku nilipofika na lori kuuliza nani atanikatia, kila kichaka kikawa na mwenyewe, na kila mwenyewe akadai umepandwa na babu yake. Tukapatana. Nikauchoma bila hewa, nikaupitisha kwenye mvuke mkali, nikajifunza kuyapanua matundu yake na kuyafinya, kama fundi cherehani anavyopunguza nguo. Kwa matundu ya upana fulani nilitengeneza vichujio vinavyokamata uchafu kwenye maji ya visima. Kwa matundu ya upana mwingine tukatengeneza bamba jembamba linaloweza kushika umeme na kuuachia kwa mkupuo. Vijana wengi walipita maabara yangu na sasa wametawanyika. Nikapanda cheo, nikapewa joho lenye mikono mipana isiyofaa kwa kazi yoyote. Na kila ninapoweka kipande chini ya darubini, mpaka leo, moyo wangu hushangaa kwanza kabla ya mkono kuandika. Sijazoea. Nimejaribu kuzoea, kwa sababu watu wa heshima huonekana wamezoea, nikashindwa.

Nilijaribu kulipa tena. Safari hiyo nilipeleka picha, kubwa, iliyochapwa kwenye karatasi nzuri. Mama Dahabo aliishika juu chini, akaisogeza mbali na uso, akasema ni malisho wakati wa kiangazi, yamepigwa picha na ndege. Nikamwambia hapana, ni kibuyu chake.

"Hii umeona wewe," akasema akinirudishia. "Mimi naona karatasi."

Akanipa maziwa tena. Nilianza kuogopa maziwa yale.

Kisha mama yangu akafariki, na sokoni hapakuwa tena na mtu wa kuitwa rafiki mwizi. Nikawa naenda Garsen mara chache. Kazi ina tabia ya kumeza mwaka bila kutafuna. Ndipo mjukuu wa Mama Dahabo, aliyeolewa hapo Minjila, karibu na Garsen, akanipigia simu.

"Shikamoo, profesa. Bibi anauliza kama bado unakumbuka deni."

"Marahaba. Mwambie nakumbuka."

"Anasema uharakishe. Anasema macho yanafunga duka."

Niliketi na simu mkononi. Fikiria, mwanangu. Mtu aliuza kitu alichopewa na mama yake, kwa bei ya kuona, na mimi nimemcheleweshea malipo mpaka macho yenyewe yanaondoka. Hakuna mnunuzi Garsen aliyewahi kufanya ukatili wa namna hiyo, na Garsen nimewaona wanunuzi.

Picha isingefaa tena, wala maneno. Nikawaita wanafunzi wangu. Kipande kimoja cha kile kibuyu nilikuwa nimekihifadhi miaka yote hiyo. Tukakipiga picha kutoka pembe nyingi, tukaziunganisha mpaka mashine ikajua kila tundu lilipoingia na lilipotokea. Kisha tukaipa kazi ile mashine nyingine inayojenga vitu kwa plastiki, tabaka juu ya tabaka. Niliwaambia waupanue mfano mpaka tundu lipitishe kidole. Nikapima kidole changu, nikapima tena, halafu nikakumbuka vidole vya Mama Dahabo ni vyembamba kuliko vyangu, tukaanza upya. Kilichotoka kilikuwa bonge la ukubwa wa tikiti, jeusi, limejaa njia.

Nilimkuta mlangoni pa nyumba yake, uso ameuelekeza kwenye jua. Mjukuu alisema nani amefika. Sikutoa hotuba. Nililiweka lile bonge mapajani mwake.

Alilipapasa kwanza kwa kiganja, kama mtu anayekagua kichwa cha mtoto. Kisha kidole kimoja kikapata tundu kikaingia. Kikaenda, kikakutana na njia nyingine, kikapinda. Akaleta mkono wa pili upande wa chini, ukaingia huko, na vidole vyake viwili vikakutana ndani. Nikamwona ameshtuka. Alivitoa, akaanza mahali pengine. Mjukuu alileta chai ikapoa. Ng'ombe walirudi.

"Nani alichimba?" akauliza mwishowe.

"Moto, mama. Uliondoa kilichoweza kuondoka. Hiki ndicho kilichobaki."

"Ni kama kichuguu."

"Ni kama kichuguu."

"Na kweli iko kubwa hivi?"

"Kweli yake haionekani kwa jicho la mtu yeyote, hata langu. Nimekipanua ili upitishe kidole. Ningekipanua kibuyu chako chote kwa kipimo hiki, kitako kingekuwa Kipini baharini na mdomo ungefika Kisumu ziwani."

Hesabu hiyo niliifanya mara nyingi kabla ya kuja, kwa sababu nilijua atauliza, na kwa sababu mimi mwenyewe sikuiamini.

"Kwa hivyo mimi," akasema polepole, "nilikuwa nasugua nchi yote hiyo asubuhi, kabla ya chai."

"Ndiyo, mama."

"Peke yangu."

"Peke yako."

"Mama yako angetaka nusu."

Tukacheka mpaka mjukuu akaja kutazama. Kisha Mama Dahabo akajipangusa macho yale yaliyokuwa yakifunga, akarudisha kidole ndani ya tundu, akakiacha humo.

"Sasa nimeona," akasema. "Lakini niambie. Ile mti ingine, ile tunasema moshi yake inaharibu maziwa. Nayo ikiungua ni mkaa. Nayo iko na milango?"

"Iko nayo."

"Mingi?"

"Karibu sawa na hii. Nimepima miti yote miwili."

"Basi kwa nini hii inalinda maziwa, na ile hapana?"

Nilifungua mdomo. Majina yalikuja, mazuri, yamejipanga foleni. Ninajua kwamba moshi hubeba vitu vingine pamoja na masizi, na kwamba baadhi yake huua vijidudu vya kuchachusha. Ninajua baadhi ya vitu hivyo. Lakini jinsi vinavyokaa ndani ya milango ile na kutoka kidogo kidogo, na kwa nini vya mti huu hukaa na vya ule haviachi hata siku moja ipite salama, hilo sijaliona. Nimelipita kila siku kwa miaka ya kazi yangu, nikielekea kwenye mambo yanayoandikwa zaidi. Nikakumbuka ngozi ya ng'ombe na vazi langu zuri, nikafunga mdomo.

"Sijui, mama."

"Basi umelipa nusu," akasema. Alilivuta lile bonge karibu na tumbo akalifunika kwa shuka. "Hii inabaki na mimi. Ni rehani."

Bonge lenyewe ni mali ya chuo, nimelitilia saini. Sikuthubutu kumwambia.

Sasa nisikie, mwanangu, maana ndiyo sababu nimekukalisha. Utakwenda kusoma, na utachukua vitu kwa watu: udongo wao, mti wao, dawa ya bibi zao, au tu muda wao wa kukujibu maswali. Patana nao bei kabla ya kuondoka, na bei hiyo iwe kitu wanachoweza kukishika. Ukirudi, usiwalipe majina. Jina ni karatasi ya kufungia. Mtu anataka kilichomo. Na kama huwezi kukiweka mapajani mwa aliyekupa, jua bado hujakielewa, hata kama umepewa joho. Usidharau kidogo. Nimeishi ndani ya kidogo maisha yangu yote na sijaona ukuta wa mwisho. Na ukiulizwa usilolijua, sema hulijui, useme mapema, kabla watu hawajaanza kupoteza macho wakikusubiri.

Mungu akupe mshangao usiozoea. Akupe mikono ya kupima mara mbili na moyo wa kukubali jibu. Akupe mdai mkali kama wangu, mwenye maziwa mazuri, na akupe umri wa kutosha kumlipa akiwa hai.

Mkaa wa miti yote miwili uko maabara, kwenye makopo mawili ya kahawa, na kiti kiko wazi kwa yeyote kati yenu vijana atakayekuja tusaidiane. Lakini kazi hiyo ni ya miaka, na juzi mjukuu amenipigia tena. Anasema Bibi hulala na rehani yake ubavuni, na kwamba sasa masikio nayo yameanza kuhesabu mauzo ya siku, tayari kufunga. Kwa swali lake la ile miti miwili ninalo jibu la robo tu, ambalo huenda likawa na kosa. Wewe una akili mpya, mwanangu, na hujamkopa mtu bado. Nishauri: nimpelekee hiyo robo kesho, angali anasikia, au ningoje mpaka litimie?